Achague Mwenyewe Asimame Wapi

Kabla ya kwenda India kusoma, nilikuwa nafanya kazi kwenye shirika moja la wanawake mkoani Tanga. Kila Novemba 25 ilipokaribia, zinapoanza zile Siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia, mimi ndiye niliyeshughulikia mabango, fulana na kanga za maandamano. Bango letu halikubadilika. Mchoraji awe huyu au yule, mfadhili awe wa Ulaya au wa Marekani, mwanamke wa kwenye bango alikuwa yuleyule: jicho limevimba, kajikunyata pembeni mwa ukuta, kiganja usoni, na kivuli cha ngumi kimemwangukia. Mama mmoja wa Pongwe, ambaye kesi yake tulikuwa tunaifuatilia, alilitazama bango hilo ofisini kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, "Mwanangu, huyu mwanamke wenu hana jirani? Hana dada? Mbona mmemwacha peke yake hivi?"

Nilipopata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili ya ustawi wa jamii Delhi, niliondoka na swali hilo. Nimekuwa nikiulizwa na wadogo zangu kwenye kazi hii nilijifunza nini kule, na kila nikianza kueleza habari za vitabu najikuta nimerudi kwa wanawake niliowaona wakichora, wakishona, wakiigiza na wakikaa barabarani. Acha niyaandike.

Jibu la kwanza lilikuja darasani. Mwalimu wetu alituonyesha picha mbili za mwanamke mmoja, zote zimepigwa na Sheba Chhachhi. Mwanamke huyo ni Satyarani Chadha. Mwaka 1979 binti yake, ambaye alikuwa mjamzito na ndoa yake bado changa, alikufa kwa kuungua moto baada ya upande wa mume kudai mali zaidi. Kule mali ya ndoa hutoka kwa familia ya bibi harusi kwenda kwa bwana harusi, kinyume cha mahari yetu. Sheria iliipiga marufuku tangu 1961, lakini hadi miaka hii ya karibuni takwimu za serikali ya India zimekuwa zikionyesha vifo zaidi ya 6,000 kwa mwaka vinavyohusishwa na madai hayo. Satyarani alikwenda mahakamani na kesi yake ikadumu zaidi ya miaka 30. Hakukaa akasubiri: mwaka 1987 yeye na Shahjahan Apa, mama mwingine aliyempoteza binti kwa njia hiyohiyo, walianzisha Shakti Shalini, mahali pa kuwahifadhi wanawake wanaokimbia nyumba zenye vipigo. Alifariki mwaka 2014.

Picha ya kwanza ni ya maandamano ya 1980. Mama yuko barabarani, uchungu wote uko wazi. Ni picha inayojulikana sana katika historia ya harakati za wanawake wa India, na aliyeipiga hakuwa mgeni aliyekuja na kamera akaondoka. Chhachhi alikuwa mwanaharakati miongoni mwao. Hata hivyo, baada ya miaka kadhaa hakuridhika. Aliona picha za maandamano, hata zikiwa nzuri, humgeuza mtu akawa alama. Akarudi kwa wanawake saba waliokuwa wenzake katika harakati, akawaomba waamue wenyewe: wapigwe picha wapi, wavae nini, wazungukwe na vitu gani, watazame upande gani. Kazi hiyo nzima, ya 1980 hadi 1991, ilipewa jina la Seven Lives and a Dream. Kwa picha yake, Satyarani alichagua Mahakama ya Juu ya India.

Nilimwomba mwalimu airudishe ile picha ya pili. Ni mama yuleyule na msiba uleule, ila safari hii hakukutwa na kamera. Ameiita mwenyewe, akaipeleka mahali ambapo haki yake imekwama.

Tangu siku ile, kila kazi ya sanaa niliyoiona India niliiuliza jambo moja: nani ameamua huyu mwanamke aonekane hivi? Swali lenyewe ni dogo, lakini linachambua mambo mengi.

Mwalimu huyohuyo alitupeleka kutazama michezo ya mitaani. Vyuo vya Delhi vina vikundi vingi vya maigizo haya. Waigizaji huja na ngoma, wamevaa nguo nyeusi na kitambaa cha rangi kiunoni, wakapiga kelele mpaka watu wasimame, na watu wakisimama ndiyo jukwaa limepatikana. Hakuna kipaza sauti wala taa. Mwigizaji mmoja anakuwa mama mkwe, dakika hiyohiyo anakuwa hakimu, halafu anakuwa ng'ombe. Mwaka 1979, mwaka uleule alipokufa binti wa Satyarani, wanawake wa Delhi walitunga mchezo wa namna hii kuhusu mahari hayo ya kwao, wakauita Om Swaha, maneno yanayotamkwa wakati wa kumimina sadaka kwenye moto mtakatifu wa harusi ya Kihindu. Kila aliyepita pale alijua moto huo ni upi, na alijua ni moto gani mwingine unaosemwa. Kundi jingine, Jana Natya Manch, mwaka huohuo lilianza kuonyesha mchezo wake uitwao Aurat, yaani Mwanamke, kwa wafanyakazi wa viwandani.

Miongoni mwa waigizaji wa kundi hilo ni Moloyashree Hashmi. Januari 1, 1989, kundi lao lilivamiwa likiwa katikati ya mchezo katika kijiji cha Jhandapur, eneo la viwanda la Sahibabad, nje kidogo ya Delhi. Mumewe, Safdar Hashmi, alipigwa vibaya, akafa kesho yake. Mfanyakazi mmoja, Ram Bahadur, naye aliuawa. Januari 4, Moloyashree alirudi na wenzake palepale Jhandapur, mbele ya umati mkubwa, wakaucheza mchezo ule uliokatishwa mpaka mwisho. Sisi wanafunzi tuliposimuliwa habari hiyo darasa zima lilinyamaza. Mjane aliyefiwa juzi ana mahali anapotarajiwa awepo: ndani, sakafuni, anapokea wageni. Moloyashree hakupuuza msiba wake. Aliamua mahali pa kuubebea, na mahali penyewe ni palepale walipofikiri hatathubutu kurudi.

Sasa nieleze habari za geti. Hosteli niliyokaa ilifungwa saa mbili usiku. Ya wavulana, ng'ambo ya uwanja tu, haikuwa na saa. Maktaba ilikuwa wazi hadi usiku wa manane, kwa hiyo kitabu ulichokilipia ada kilikuwa cha kaka zako baada ya saa mbili. Tukiuliza tunaambiwa ni kwa usalama wetu. Si hosteli yetu peke yake; tangu 2015 wanafunzi wa kike wa Delhi walikuwa wameanzisha Pinjra Tod, maana yake "vunja tundu", kupinga saa hizo. Silaha zao zilikuwa brashi, gundi na mashairi. Waliandika kwenye kuta, walibandika karatasi juu ya matangazo ya hosteli za kulipia, walitembea usiku wakiimba, mahali pengine wakavunja kufuli. Vyuo kadhaa vililegeza masharti.

Kwetu wimbo ulikuwa rahisi kuliko rangi, maana rangi ilikuwa na faini. Geti likishafungwa tulikusanyika kwenye ngazi za ghorofa ya pili. Walinifundisha wito wa "azadi", uhuru, ambao Kamla Bhasin, mshairi na mwanaharakati aliyefariki mwaka 2021, aliueneza katika harakati za wanawake baada ya kuusikia kwa wanawake wa Pakistan. Mmoja anaita, wengine wanaitikia, kama ngoma zetu. Kisha wakaniuliza: na kwenu? Nikawasimulia Siti binti Saad, mtoto wa watumwa kutoka Fumba, aliyesafiri kutoka Unguja hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri. Nikawaimbia kadiri nilivyokumbuka wimbo wake wa Kijiti, unaomhusu mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliyeuawa Unguja, muuaji akatoroka, na lawama zikawaangukia wanawake waliotoa ushahidi. Wasichana wale waliufahamu bila tafsiri ndefu. Mmoja, anayetoka Mumbai, alinyamaza halafu akasema, "Kumbe ulikuja kwetu zamani, didi." Didi ni dada mkubwa, ndivyo walivyoniita.

Lakini udada huo una mipaka yake, na nitakuwa sisemi kweli nikiiruka. Februari 2019 baadhi ya wanawake wa Kidalit, yaani wa jamii zilizowekwa chini kabisa katika mfumo wa matabaka wa India, wa jamii za asili, Waislamu na wengine walijitoa Pinjra Tod na kueleza hadharani kwamba sauti na maamuzi yalikuwa mikononi mwa wanawake wa matabaka ya juu. Wapo walioumia kusikia hivyo. Mimi sikuhitaji kufafanuliwa. Sisi Watanzania tuliokwenda India miaka ile tuliagwa na mama zetu kwa hofu, kwa sababu Januari 2016, jijini Bengaluru, mwanafunzi wa Kitanzania alishambuliwa na kundi la watu na kuchaniwa nguo kwa sababu ya ajali iliyosababishwa na Mwafrika mwingine, asiyemhusu kabisa. Mwanamke wa Delhi akipita sokoni usiku anaogopa kuguswa. Mimi niliogopa kuguswa, na niliogopa pia kuitwa majina kwa ajili ya ngozi yangu, mara nyingine na wanawake.

Siku moja wenzangu wa hosteli walikuwa wanatengeneza bango la mshikamano wa wanawake wa dunia, wakaniomba nikae wanichore niwe Afrika. Walinipenda, najua. Walishaanza kuchora kilemba kirefu na shanga za shingoni. Niliwaambia sijawahi kuvaa shanga zile, na kwetu Tanga nikitoka navaa baibui au kanga mbili. Nikaomba nichore mwenyewe, niandike Kiswahili. Rafiki yangu mchoraji aliniangalia kidogo, akafuta, akanikabidhi brashi. Nilijichora nimekaa na mama yangu mdogo tunamenya mihogo. Hakuna aliyeniambia mihogo si harakati.

Niliyoyaona Bihar ndiyo yaliyonishika zaidi. Mwenzangu wa chumbani alikuwa mtu wa wilaya ya Muzaffarpur, na wakati wa likizo alinichukua kwao, safari ya usiku kucha na zaidi kwa treni. Huko kuna ushonaji uitwao sujani. Asili yake ni nguo ya mtoto mchanga: mama anachukua sari zilizochakaa, anazipanga tabaka juu ya tabaka, anazishona pamoja kwa mshono mwembamba wa kupita juu na chini mpaka zinakuwa shuka moja laini. Sari ya bibi, ya shangazi, ya jirani, zote zinamfunika mtoto. Mwishoni mwa miaka ya 1980, katika kijiji cha Bhusura na vijiji vya jirani, shirika la ADITHI lililoanzishwa na Viji Srinivasan liliwasaidia wanawake kuigeuza kazi hiyo iwe ya kuuza. Wangeweza kushona tausi na samaki tu, kwa sababu ndivyo vinavyonunuliwa. Wakaanza kushona maisha yao: mahari, mimba za mabinti zinazotolewa, ulevi wa waume, ukimwi, siku ya kupiga kura.

Tuliketi barazani na wanawake watano au sita. Mmoja alikuwa ametandaza kazi yake mapajani, kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi. Umbo la kila kitu lilikuwa limezungushiwa uzi mweusi wa mshono wa mnyororo, na ndani yake na nje yake mishono midogo imepita mamia kwa mamia, inafuata umbo kama maji yanavyofuata jiwe. Upande wa kushoto alikuwa ameshona bibi harusi kwenye sahani moja ya mizani. Kwenye sahani ya pili ya mizani kuna pikipiki, kitanda na televisheni, na mizani bado haijalala sawa. Uso wa bibi harusi umefunikwa ushungi. Upande wa kulia kuna wanawake wameketi duara chini ya mti, mmoja amesimama anazungumza, ushungi uko mabegani, na macho yake makubwa kuliko ya wote.

Nilimuuliza kwa Kihindi changu cha kuombea maji, "Didi, huyu aliyesimama ni nani?"

"Ni mimi."

Alikuwa ananijibu huku ushungi wake umeshuka hadi puani, maana baba mkwe alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba pale uani. Kwenye kitambaa alishajifunua. Niliuliza kama baba mkwe ameiona kazi hiyo. Akasema ameiona, na anajua bei yake ikiuzwa. Wenzake wakacheka, naye akaendelea kushona.

Nilikuwa nimejifunga kanga yenye jina "Wema hauozi". Waliigeuza mbele na nyuma, wakauliza maneno yale yanasema nini. Niliwaeleza kwamba wanawake wa pwani husemezana kwa kanga, mke mwenza na mke mwenza, wifi na wifi, mtu na mumewe, na kwamba nyingi ya kanga zenyewe huchapwa hukohuko kwao India. Mkubwa wao akauliza lile ambalo mimi nisingeliwaza: "Maneno anayachagua nani?" Nikasema wanaoyatoa ni wenye biashara, lakini anayechagua kuinunua, na siku ya kuivaa, na mbele ya nani, ni mwanamke. Alitikisa kichwa. Akasema basi ni nusu. Sisi, akasema, picha yote ni yetu, fedha ndiyo nusu. Na ni kweli. Nguo kama ile niliiona baadaye Delhi, katika duka la watalii, kwa bei ambayo kwa hesabu alizonipa yule mama ingelisha nyumba yake muda mrefu, na jina lake halikuwepo popote.

Mbele kidogo ya hapo ni Madhubani, kwenye michoro ya Mithila. Wanawake wa huko tangu zamani huchora kuta za chumba cha maharusi. Ukame wa 1966 na 1967 ulipoleta njaa, serikali iliwapelekea karatasi ili wachore na kuuza, na majina yao yakatoka nje ya nyumba zao. Ganga Devi alipokuwa anatibiwa saratani Delhi alichora ugonjwa wake mwenyewe kwa mistari ileile ya harusi: vitanda, mashine, dawa zinazotiririka kwenye mrija. Alifariki mwaka 1991. Lakini hata huko tabaka liliingia. Michoro ya miungu ilihesabiwa kuwa mali ya nyumba za tabaka la juu, kwa hiyo wanawake wa Kidalit, Chano Devi akiwa mmoja wa waanzilishi, walichukua alama za chale walizochanjwa mwilini, wakazitandaza kwenye karatasi, wakachora na hadithi za Raja Salhesh, shujaa wa watu wao. Naye Dulari Devi, wa jamii ya wavuvi, alikuwa mtumishi wa ndani. Alijifunza kuchora katika nyumba za wachoraji alizokuwa akifanyia kazi. Mwaka 2021 serikali ya India ilimpa nishani ya Padma Shri. Binafsi kazi za wanawake hawa wa matabaka ya chini ndizo ninazozipenda kuliko zote, kwa sababu hazikungoja mtu awakaribishe mezani.

Niliporudi Delhi mwaka ulikuwa unakwisha, na mji ulikuwa umewaka. Desemba 2019 Bunge lilipitisha sheria ya uraia inayowafungulia mlango wahamiaji wa dini kadhaa kutoka nchi tatu jirani, Waislamu wakiachwa nje. Desemba 15 polisi waliingia chuo cha Jamia Millia Islamia na kupiga wanafunzi. Usiku huo wanawake wa mtaa wa jirani, Shaheen Bagh, walitoka wakakaa katikati ya barabara inayounganisha Delhi na Noida. Hawakuondoka hadi Machi 24, 2020.

Nilikuwa mgeni mwenye viza ya masomo, na mwezi huohuo mwanafunzi mmoja wa Kijerumani aliyeshiriki maandamano Chennai alitakiwa aondoke nchini. Sikushika bango wala kipaza sauti. Nilikwenda kukaa na kusikiliza. Baridi ya Delhi mwezi ule ilikuwa kali kupita kawaida, na walioketi mbele kabisa ni vikongwe. Bilkis, mwenye miaka 82, ndiye ambaye gazeti la Time lilimweka miongoni mwa watu 100 wenye ushawishi mkubwa duniani wa 2020, lakini pale kulikuwa na akina dadi, yaani mabibi, wengi. Waliketi kwenye mikeka na magodoro, wamefunikwa mablanketi, wanakula karanga, wanapokezana wajukuu. Kituo cha basi kiligeuzwa maktaba na kupewa majina ya walimu Fatima Sheikh na Savitribai Phule, huyu wa pili ndiye aliyefungua shule ya wasichana Pune mwaka 1848 na kurushiwa matope na kinyesi njiani akienda kufundisha. Ramani kubwa ya India ya chuma ilisimama barabarani. Watoto walichora lami nzima. Hakuna aliyeita pale jumba la sanaa, na mimi sijaona jumba la sanaa lililojaa namna ile.

Bibi mmoja alinivuta chini ya blanketi lake. Aliposikia mimi ni Mwislamu kutoka Afrika alisoma dua, nikaitikia amin, ikawa tumejuana. Akaja kijana na kamera kubwa, akapiga magoti mbele yetu, akamwashiria bibi atazame chini, mikono aikunje. Nilijua anachokitafuta, ni yule mwanamke wa bango letu. Bibi akamwinulia kiganja: ngoja. Akatengeneza shali, akamwita jirani yake wa kulia, akamwita na yule wa nyuma, akamwita mkwewe aliyekuwa anagawa chai, akaniambia nami, "Binti, usijifiche, kaa hapa." Tulipobanana wote, akamtazama kijana usoni. "Sasa piga."

Mwanamke wenu hana jirani? Bibi wa Shaheen Bagh alikuwa amejibu, na hata swali hakulijua.

Korona ilipoingia, polisi walikuja asubuhi wakaondoa mahema, na michoro ya kuta ikapakwa rangi. Mei 2020 Natasha Narwal na Devangana Kalita wa Pinjra Tod walikamatwa, wakashtakiwa kwa sheria ya ugaidi. Baba yake Natasha, Mahavir Narwal, alikufa kwa korona Mei 2021 binti akiwa bado gerezani. Juni mwaka huo Mahakama Kuu ya Delhi iliwapa dhamana. Nayaandika haya kwa sababu wapo wanaozungumzia sanaa ya harakati kana kwamba ni mapambo ya siku ya maadhimisho. Wale walilipa.

Nimerudi Tanga, na niko na kikundi cha wanawake waliopita kwenye kesi za ukatili na za mali. Mikono ya kazi tunayo. Hapa mtu hujifunza kudarizi foronya na kushona kofia za viua kabla hajamaliza shule ya msingi. Tulinunua kitambaa cha marekani na nyuzi, kila mmoja akashona analotaka. Nilidhani zitakuja ngumi. Hazikuja nyingi. Mmoja alishona shamba la minazi na mipaka yake yote, na kila jirani anayeweza kutoa ushahidi amesimama mpakani kwake. Mumewe wa zamani hakumshona kabisa. Mwingine alishona chungu, ndoo, jembe na watoto wanne, akasema huo ndio mchango wake, maana Mahakama ya Rufani ilishakubali tangu 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, kwamba kazi za nyumbani zinahesabika katika kuchuma mali ya ndoa. Mwanasheria aliyekuja kutoa semina aliishika nguo hiyo akafundishia somo zima.

Mfadhili alipoona picha za vitambaa aliomba vitumike kwenye kampeni. Wanawake walikaa kikao bila mimi. Wakatoka na masharti: jina la mshonaji lishonwe kwenye kitambaa, au alama yake akiogopa jina, nembo ya shirika isikae juu ya kazi, kitambaa kisiende mahali ambapo mwenyewe hakualikwa, na kikiuzwa, bei ijulikane na wote. Walio tayari vitambaa vyao vitoke ni saba. Wawili wamekataa na hawakuulizwa sababu. Mfadhili amekubali mambo yote isipokuwa la nembo, na kikao cha pili ni baada ya Idi.